TUKUSANYE VIPANDE VILIVYOBAKI
Hotuba juu ya kaseti za video za jamaa zetu na diski mpya, iliyotolewa mbele ya Wakristu siku ya Yubile ya parokia

Padri Paroko ameniomba niseme maneno machache juu ya kazi ambayo mimi na vijana wanne wa Xaveri tumeifanya kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, katika chumba kidogo kilicho nyuma ya sakristia. Wengi wenu mmepita mbele ya chumba kile usiku, mkaona mwanga wa televisheni dirishani, mkadhani kwamba tunatazama mpira. Hatukuwa tunatazama mpira. Tulikuwa tunanakili kaseti za video za jamaa zenu, zile mlizotuletea katika vikapu, katika mifuko na katika masanduku, kusudi yaliyomo yawekwe juu ya diski mpya kwa ajili ya Yubile hii.

Sehemu kubwa ya kazi imekwisha, na diski zenu ziko juu ya meza pale mlangoni. Lakini tangu majuma mawili watu wananiuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: «Mwalimu, kwa nini mmekawia hivyo?» La pili linaulizwa kwa uchungu zaidi: «Kwa nini hamkukata sehemu zinazochosha? Arusi ya mtoto wangu inachukua saa tatu, na saa nzima ni watu wanaokula tu!»

Leo nitajibu maswali hayo mawili. Ila, ili jibu langu lieleweke, sherti niungame kwanza kosa langu mwenyewe.

I. KOSA LANGU

Mwaka 1989 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nami nilikuwa na kamera ya video niliyoiazima kwa ndugu yangu mmoja aliyerudi kutoka Ubelgiji. Ilikuwa kamera nzito, ya kubebwa begani, nayo ilimeza kaseti nzima ya VHS. Siku za Jumamosi nilikuwa napiga video za arusi. Watoto walinifuata kama wanavyomfuata mtu mwenye ngoma.

Mwaka ule nilipiga arusi ya jamaa moja ya parokia hii. Nilianza asubuhi, walipokuwa wakichinja mbuzi, nikamaliza usiku, korali ilipokuwa ikiimba kwa mwanga wa taa za mafuta. Kisha nikakaa na mashini mbili za video, moja ya kusoma na nyingine ya kuandika, nikatengeneza arusi ya saa moja na nusu. Nilitaka ipendeze kama filme. Nikachagua bwana na bibi arusi, Misa, zawadi, maneno ya wazee na ngoma, na mengine yote nikayaacha. Kati ya yale niliyoyaacha palikuwa na sehemu ndefu ya nyuma ya nyumba, mahali akina mama walipokuwa wakipika. Mmoja wao, mama mzee, amekaa juu ya kigoda, anachambua maharagi. Anazungumza na watu ambao hatuwaoni, anacheka, anafukuza kuku kwa mkono, anaendelea kuchambua. Nilijisemea moyoni: ni nani atakayetaka kutazama maharagi? Na kwa kuwa kaseti mpya ilikuwa na bei kubwa, Jumamosi iliyofuata nilichukua kaseti ile ile ya kwanza, nikaandika arusi nyingine juu yake.

Ndugu zangu, yaliyofuata mnayajua. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Ndizo siku zile ambapo Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa, tarehe 29 ya mwezi ule. Watu walikimbia kwa miguu, kila jamaa kwa njia yake. Yule mama mzee wa maharagi alikimbia pamoja na wajukuu wake. Wajukuu walirudi, yeye hakurudi, wala kaburi lake halijulikani.

Miaka mingi ilipita. Siku moja binti yake alibisha hodi kwangu. Ameniruhusu nieleze habari hii bila kutaja jina lake. Nyumba yao iliporwa wakati wa vita, na kila foto waliyokuwa nayo ilipotea. Akaniambia: «Mwalimu, wewe ulipiga arusi ya dada yangu. Ninakumbuka ulisimama nyuma ya nyumba, ukampiga mama yangu akichambua maharagi. Katika kaseti uliyotupa hayumo. Nakuomba unipe kipande kile.»

Ilinipasa kumwambia ya kwamba nilikifuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nilikiona hakina maana. Hakunikasirikia. Alisema tu: «Asante, Mwalimu,» akaenda zake. Ingekuwa afadhali anikasirikie.

Tangu siku ile nimejua jambo moja, nalo ndilo neno ninalotaka mlichukue nyumbani leo, hata mkisahau mengine yote: anayekata hajui anachokikata. Kwa hiyo sherti anakili yote kwanza, akate baadaye, na yale aliyoyakata asiyatupe.

II. KASETI NI KITU GANI, NA KWA NINI INAKUFA

Kaseti ya VHS ilitokea Japani mwaka 1976, ikaenea duniani pote. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa plastiki, wenye upana wa milimita 12 na nusu hivi. Katika kaseti ya saa 3 utepe ule una urefu unaopita mita 250. Ukiunyosha chini, utapita viwanja viwili vya mpira. Juu ya plastiki umepakwa unga mwembamba sana wenye nguvu ya sumaku, nao umeshikwa kwa gundi. Picha na sauti zote zimeandikwa katika unga huo. Ndani ya mashini kuna ngoma ndogo ya chuma inayozunguka mara 25 kwa kila sekunde, nayo inapapasa utepe kama vile kipofu anavyosoma kitabu chake kwa kidole.

Basi, unga ule ukitoka, picha imetoka pamoja nao. Adui za kaseti ni wanne.

Adui wa kwanza ni unyevu. Ninyi mnaijua mvua yetu ya Kivu. Kaseti iliyowekwa chini ya kitanda, karibu na ukuta wenye maji, huota ukungu mweupe pembeni mwa utepe, na gundi yake hulegea. Kaseti ya namna hiyo ikitiwa katika mashini, inaichafua, na mashini nayo inaichafua kaseti itakayofuata. Ni kama ugonjwa wa kuambukiza.

Adui wa pili ni joto na sumaku. Wengi huweka kaseti juu ya kabati, karibu na mabati yanayowaka jua la mchana, au juu ya sanduku la sauti la redio, ambalo ndani yake mna sumaku kubwa.

Adui wa tatu ni mtu mwenyewe. Kila kaseti ya VHS ina ulimi mdogo wa plastiki mgongoni. Ulimi huo ukivunjwa, mashini haiwezi tena kuandika juu ya kaseti. Wachache waliuvunja. Na wengine, ulipokwisha kuvunjwa, waliziba tundu kwa karatasi ya gundi, wakaandika upya. Katika vikapu vyenu tulikuta kaseti moja iliyoandikwa kwa wino mzuri «Upadirisho». Ndani yake ulikuwamo mpira, tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Zilibaki dakika nne tu za Wakristu wakitoka kanisani na kupigana vumbi la uwanja kwa kucheza. Dakika hizo nne tumezinakili.

Adui wa nne ni wakati. Mwaka 2016 kiwanda cha Funai cha Japani, ambacho ndicho kilichojulikana kuwa cha mwisho, kiliacha kutengeneza mashini za kusomea kaseti za VHS. Mashini zilizobaki duniani ni za zamani, na vipuri vyake ni adimu. Mashini yetu tuliitengeneza kwa kuvunja nyingine mbili. Hata kaseti yako ikiwa nzima kabisa, utafanya nini nayo siku ambapo hakuna tena mashini ya kuisoma? Itakuwa kama barua iliyofungwa, na mwenye macho ya kuisoma amekwisha kufa.

III. NAMNA TULIVYOFANYA KAZI

Sasa najibu swali la kwanza, lile la kukawia.

Kitabu unaweza kukipitisha haraka kwa macho. Kaseti haikubali. Kaseti ya saa 3 inanakiliwa kwa saa 3, wala hakuna njia ya mkato. Umeme ukikatika katikati, unarudi nyuma na kuanza tena. Umeme wetu mnaujua. Ndiyo sababu tulifanya kazi usiku.

Kwanza tuliitazama kila kaseti kwa nje, kwa taa. Yenye ukungu tuliitenga na wenzake, tukaiweka mahali pakavu penye hewa, si juani, tukaisafisha polepole kwa kitambaa laini. Yenye sanduku lililovunjika tuliifungua skurubu zake tano, tukahamisha utepe wake katika sanduku zima la kaseti nyingine. Kisha tuliuzungusha utepe wote mpaka mwisho na kuurudisha mwanzo, kusudi uachane na kunyooka vizuri kabla ya kusomwa.

Pili, ilitupasa kujua kila kaseti inasema lugha gani. Msishangae: kaseti nazo zina lugha zao. Televisheni ya Zaire ilifuata mfumo wa Wafaransa uitwao SECAM. Ubelgiji walifuata ule uitwao PAL. Marekani walikuwa na wa kwao, NTSC. Jamaa mmoja alituletea kaseti ya ubatizo iliyotumwa na mtoto wake aliyeko Ubelgiji. Kwa miaka yote waliitazama bila rangi, nyeusi na nyeupe, wakadhani kwamba kamera ya mtoto ilikuwa mbovu. Kamera haikuwa na ubaya. Ni mashini yao iliyokuwa haijui PAL. Tulipoitia katika mashini inayojua mifumo yote, bibi wa mtoto aliona kwa mara ya kwanza ya kwamba shela ya ubatizo ilikuwa na maua ya manjano.

Tatu, tuliunganisha mashini na ordinateri, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kompyuta. Waya ni tatu: ya manjano inachukua picha, nyeupe na nyekundu zinachukua sauti. Katikati tuliweka kisanduku kidogo kinachogeuza picha za kaseti kuwa tarakimu. Hapo ndipo penye faida kubwa. Zamani, tulipokuwa tukinakili kaseti kwa kaseti, nakala ilikuwa hafifu kuliko mama yake, na nakala ya nakala ilikuwa hafifu zaidi, mpaka nyuso za watu zikawa kama za watu walio ndani ya moshi. Lakini tarakimu zikinakiliwa sawasawa, nakala ya kumi ni sawa na ya kwanza.

Nne, tuliandika diski, au tuseme tulizichoma, kama vijana wanavyosema. Diski ya DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Kwa picha nzuri hiyo ni saa moja hivi. Kwa picha ya kadiri ni saa mbili. Kwa hiyo kaseti ya saa 3 haikai vizuri juu ya diski moja. Mtu akikuahidi kuziweka saa 6 za arusi juu ya DVD moja, jua kwamba ataziminya mpaka nyuso za watu ziwe vibao vidogo vidogo. Sisi tulipendelea kuwapa diski mbili au tatu.

Tena, zile kaseti ndogo za miaka ya baadaye, ziitwazo MiniDV, zilikuwa na tarakimu tangu mwanzo. Saa moja yake inataka gigabaiti 13 hivi katika ordinateri. Hizo tuliziweka zote juu ya diski ngumu ya parokia bila kuzipunguza, na DVD mliyopewa ni nakala ya kutazama tu.

IV. JUU YA KUKATA

Nalijibu sasa swali la pili: kwa nini hatukukata?

Kusema kweli, tulikata kidogo. Tulikata sehemu ambapo utepe hauna kitu, ila mvua ya nukta nyeupe na nyeusi. Tulikata sehemu ambapo mpiga picha alisahau kuifunga kamera, akatembea nayo, ikapiga viatu vyake mwenyewe kwa dakika saba. Lakini hata sehemu hizo hatukuzikata katika nakala ya kwanza. Nakala ya kwanza ni nzima, nayo inabaki katika diski ngumu. Tulikata katika nakala ya pili, ile iliyotoka kuwa diski yenu.

Na zile saa za watu wanaokula? Hatukuzigusa. Mahali pa kukata, tumeweka milango. Mkiweka diski yenu, mtaona kwanza orodha: Nyumbani asubuhi, Misa, Zawadi, Karamu, Ngoma. Asiyetaka karamu, abonyeze Ngoma. Anayetaka, aingie na kukaa. Hivyo anayechoka amepata raha yake, na anayemtafuta baba yake kati ya watu wanaokula hakupoteza kitu.

Nitawapa mfano. Tarehe 15 Agosti 1985, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mama Anuarite kuwa Mwenye Heri huko Kinshasa. Sherehe ile ilipigwa na kamera nyingi. Ukiipoteza kaseti yako ya siku ile, huzuni ipo, lakini utaweza kuikuta kwa mwingine. Lakini baba yako akimega ugali na kumpa mjukuu, akilicheka kofi la jirani, kitu hicho kimo katika utepe mmoja tu duniani. Mambo makubwa yana mashahidi wengi. Mambo madogo ya nyumbani yana shahidi mmoja, naye anaoza chini ya kitanda.

Kuna kukata kwingine ambako ni kugumu zaidi, na sitaki kukuficha. Baba mmoja alikuja akaniambia: «Mwalimu, katika Komunyo ya kwanza ya mtoto wangu yumo ndugu yangu. Wakati wa vita alitutenda mabaya. Mtoe.» Tulizungumza muda mrefu. Sikumwambia ya kwamba hana haki ya kuumia. Nilimwambia: «Baba, diski ya nyumbani kwako ni yako. Nitakutengenezea diski ambamo ndugu yako haonekani, hata kama itakuwa fupi. Lakini nakala nzima sitaigusa. Mtoto wako yumo ndani yake, amepakatwa na baba yake mdogo. Siku moja, akikua, yeye mwenyewe atauliza. Wewe na mimi hatuna ruhusa ya kumjibu mapema kwa kufuta.» Alinyamaza, akachukua diski yake fupi. Mwezi uliopita alirudi. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama ile ndefu ingalipo. Ingalipo.

Mama mwingine, ambaye mume wake alimwacha, aliomba arusi yake isiyo na bwana arusi. Tulijaribu. Baada ya saa mbili tulibaki na keki, korali na shangazi zake. Alicheka mpaka machozi yakatoka, akasema: «Basi mwacheni, alikuwa amevaa vizuri.»

Vilevile kuna yale ambayo tumeyanakili, lakini hatukuyaweka juu ya diski za kugawanywa: watu wanaolia matangani, wagonjwa kitandani, watoto wasio na nguo. Kuhifadhi ni jambo moja, kuonyesha watu ni jingine. Mambo hayo yamerudishwa kwa wenyewe tu, mkononi.

V. DISKI NAYO HAIISHI MILELE

Sasa nina onyo. Msiichukue diski mpya na kuitupa kaseti, mkisema: tumeokoka. Diski nayo ni mtoto wa duniani. Ile tunayoichoma nyumbani ina rangi ndani yake, na rangi huharibiwa na jua na joto. Tena ordinateri nyingi za siku hizi hazina tena mahali pa kuingiza diski. Lililolipata VHS litaipata DVD nayo. Kwa hiyo nawaomba mambo sita:

1. Kaseti yenu ya kwanza msiitupe, wala msiandike juu yake. Vunjeni ulimi wake. Isimamisheni wima kama kitabu, mahali pakavu, mbali na jua na sumaku.

2. Shikeni diski pembeni au tunduni, si usoni. Msibandike karatasi juu yake, wala msiandike kwa bika. Tumieni kalamu laini ya kuandikia diski.

3. Wekeni nakala zaidi ya moja, wala zisikae zote katika nyumba moja. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka katika Goma, nyumba ziliungua pamoja na vyote vilivyokuwamo. Nakala iliyokuwa kwa shangazi katika mji mwingine ndiyo iliyookoka. Mpelekeeni shangazi nakala.

4. Tazameni diski zenu mara moja kila mwaka, kwa mfano siku ya kuwakumbuka Marehemu. Mkiona picha inakwama, msingoje. Nakilini upya, juu ya diski nyingine, juu ya flashi, juu ya kitu chochote ambacho watu wa wakati ule watakuwa wanakitumia. Kunakili si kazi ya kumaliza. Ni kama kupalilia shamba.

5. Andikeni majina. Hili ni kubwa kuliko yote. Tumekuta kaseti ambamo watu ishirini wanacheka mbele ya kamera, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kutuambia ni akina nani. Kaeni na mzee wenu mbele ya televisheni, na mtoto anayejua kuandika akae kando yao. Mzee aseme: huyu ni fulani, mwana wa fulani, wa kilima fulani. Mtoto aandike, pamoja na dakika ambapo mtu yule anaonekana. Mashini inahifadhi uso, lakini haijui jina.

6. Mkimpa mtu wa duka kaseti yenu ainakili, mwombeni kwanza nakala nzima isiyokatwa, na msitoke kabla ya kurudishiwa kaseti yenyewe.

VI. NENO LA MWISHO

Bwana wetu alipokwisha kuwalisha watu wengi kwa mikate michache, aliwatuma wanafunzi wake wakakusanye vipande vilivyobaki, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Nilipokuwa kijana sikuelewa kwa nini. Watu walikwisha kushiba; vipande ni vya nini? Sasa ninaelewa zaidi. Aliyeshiba leo hajui nani atakuwa na njaa kesho.

Ninamalizia na habari ya yule binti wa mama wa maharagi.

Katika majira ya mvua yaliyopita, kijana mmoja wa Xaveri alikuwa zamu ya usiku, akinakili kaseti ya Komunyo ya kwanza ya mwaka 1991, ya jamaa nyingine kabisa. Mpiga picha, ambaye hakuwa mimi, alikuwa amewapanga watoto mbele ya kanisa. Wakati wa kuwapanga aliiacha kamera wazi, ikaelekea njia. Ilikuwa sehemu ya kukatwa, kama iko moja ya kukatwa: watoto wanasukumana, mtu anaita, hakuna linalotendeka. Nyuma yao mama mzee anapita njiani na beseni kichwani. Anasimama, anawatazama watoto, anacheka, anaweka kitambaa chake sawa, anaendelea na safari yake. Nilimtambua kabla hajacheka.

Ni sekunde kumi na moja. Jamaa wenye kaseti walitupa ruhusa, nasi tukaziweka sekunde hizo juu ya diski ya peke yake. Nilimwita yule binti, ambaye sasa ni nyanya, akaja na wajukuu wake. Alitazama mara ya kwanza bila kusema kitu. Mara ya tatu akawaambia watoto: «Mwaona? Alikuwa anatembea hivyo. Mimi niliwaambia, hamkuniamini.» Kisha akasimama, akawaonyesha hatua zile kwa miguu yake mwenyewe, na mdogo wa wote akamfuata nyuma, akimwiga.

Deni langu kwake sikulilipa kwa diski ile. Kipande nilichokifuta mwaka 1989 hakitarudi. Lakini kama tungekuwa tumekata sehemu zinazochosha, hata zile sekunde kumi na moja zisingekuwapo.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, kazi yetu haijafungwa. Chumba cha nyuma ya sakristia kitakuwa wazi kila Jumanne na Alhamisi jioni, umeme ukipenda. Leteni kaseti zilizobaki, hata zilizovunjika, hata zile mnazozidhani kuwa tupu. Zaidi ya hayo, kama kuna jamaa iliyo na kaseti ambamo Askofu Mkuu Munzihirwa anasikika, iwe Misa, iwe Kipaimara, iwe maneno machache tu mlangoni pa kanisa, naomba isilale tena chini ya kitanda usiku wa leo. Ni nani kati yetu asiyetaka watoto wake waisikie sauti ile?

Nawashukuru vijana wa Xaveri, ambao walikesha bila mshahara. Nawashukuru akina mama walioleta chai na sambaza usiku wa manane. Namshukuru Padri Paroko aliyetupa chumba, meza na mafuta ya jeneratori. Na ninawashukuru wote waliotukabidhi vikapu vyao bila kujua kama vitarudi.

Mungu abariki Yubile yetu, awape raha ya milele wale tuliowaona wakicheka katika kaseti, nasi atujalie kuwakumbuka kwa majina yao. Amina.